Bakteria wa mizizini: Wanachoweza na wasichoweza kuifanyia nafaka

MKULIMA wa Muhoroni, Kaunti ya Kisumu, aking'oa shina la mahindi huona mizizi iliyogandamana na udongo. Tabaka hilo jembamba, lenye upana wa milimita chache tu, lina uhai mwingi kuliko udongo wowote mwingine shambani. Mtaalamu Mjerumani, Lorenz Hiltner, ndiye aliyelipa jina la kisayansi mnamo 1904.

Kinachowavuta bakteria hapo ni chakula. Mmea hutengeneza sukari majanini kwa nguvu za jua, na sehemu ya sukari hiyo huvuja mizizini. Bakteria hula, na baadhi yao hulipa. (Si wote, wengine ni wadokozi tu, na wengine huleta maradhi.)

Malipo hayo ni ya namna kadhaa. Azospirillum hutoa homoni inayouchochea mzizi kutoa matawi na vinyweleo vingi, hivyo mmea ukafikia maji na rutuba ya mbali. Baadhi ya jamii za Bacillus na Pseudomonas hutoa asidi zinazoyeyusha fosforasi iliyonaswa udongoni. Jambo hili lina uzito magharibi mwa Kenya, ambako katika maeneo mengi udongo wenye asidi huing'ang'ania fosforasi ya mbolea hata mahindi yakaikosa.

Kuhusu nitrojeni, hapo ndipo wauzaji hutia chumvi. Hewa ina takriban asilimia 78 ya nitrojeni, lakini mmea hauwezi kuitumia ilivyo. Maharagwe na soya huwajengea bakteria wa Rhizobium vinundu mizizini, nao huigeuza hewa hiyo kuwa chakula. Biofix, bidhaa ya kupaka mbegu iliyotokana na utafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi, hutumia bakteria hao. Mahindi, mtama na mpunga havina vinundu. Bakteria wao huishi pembezoni mwa mzizi au ndani ya tishu, na nitrojeni wanayotoa kwa kawaida ni kidogo. Kwa hiyo anayepaka Biofix kwenye mbegu za mahindi anapoteza pesa zake.

Miwa, zao linaloitegemeza Muhoroni tangu miaka ya 1960, ni ya ukoo mmoja na mahindi, nayo ndiyo iliyoamsha matumaini makubwa. Mnamo 1988, Johanna Döbereiner na mwenzake walitangaza kupata, nchini Brazil, bakteria anayenasa nitrojeni akiwa ndani ya muwa wenyewe. Leo wakulima wa Brazil hupaka Azospirillum kwenye mbegu za mahindi, na mtafiti wa huko, Mariangela Hungria, alitunukiwa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2025 kwa kazi yake kuhusu bakteria wa mimea. Hata hivyo, mahindi ya huko bado hutiwa mbolea. Bakteria huipunguza tu.

Isitoshe, Brazil si Nyando. Bakteria mgeni hukabiliana na wenyeji wasiohesabika, katika mfinyanzi mweusi unaojaa maji wakati wa masika na kupasuka kiangazi. Mradi wa COMPRO, ulioanza 2009, ulipima bidhaa zaidi ya 100 za kibiashara katika Kenya, Nigeria na Ethiopia, na chache tu ndizo zilizoonyesha faida ya kuaminika. Baadhi ya pakiti hazikuwa na bakteria walioandikwa juu yake. Mkulima anayeikumbuka kashfa ya mbolea ghushi ya 2024 hatashangaa.

Hata pakiti halali huharibika. Bakteria ni viumbe hai: jua la dirisha la duka, tarehe iliyopita au dawa ya kuvu iliyopakwa kwenye mbegu yaweza kuwaua kabla hawajafika shambani. Anayetaka kujaribu na apande mistari kadhaa iliyopakwa na mingine isiyopakwa, kwa mbegu na mbolea ile ile, kisha apime mavuno kwa mizani badala ya macho. Kituo cha utafiti wa miwa cha Kibos, karibu na mji wa Kisumu, ni mahali pa kuuliza kabla ya kununua.

Wapo pia bakteria ambao tayari wamo shambani, nao hawauzwi. Samadi, matope yanayosalia kiwandani baada ya kuchuja maji ya miwa, na maharagwe yaliyopandwa kati ya mistari huwalisha. Majani ya miwa yakichomwa baada ya mavuno, chakula chao kingi huteketea.