Paka wa Sultani Majnuni

Bibi yangu wa Msambweni alikuwa akisimulia ngano hii huku anakuna nazi. Amekaa juu ya mbuzi, kifuu kinazunguka kiganjani, nazi inadondoka siniani. Kila alipofika pale Sultani Majnuni anapoambiwa kuwa paka wake kala ndama, kisha kala watu, naye anajibu kuwa paka ni wake na walioliwa ni wake pia, mkono wa bibi ulisita. Sisi wajukuu tulicheka. Yeye hakucheka hata siku moja.

Ngano hiyo ilichapishwa London mwaka 1870 katika kitabu Swahili Tales cha Edward Steere, mmisionari aliyeikusanya Unguja. Majnuni ni neno la Kiarabu: mtu aliyeingiwa na jini, yaani mwendawazimu. Kiswahili chenyewe kina ukoo wa namna hiyo, maana wazimu, mzimu na zimwi ni maneno ya mzizi mmoja. Mtoto wa Kwale aliyetishwa na zimwi usiku alikuwa ameshalijua jina la maradhi kabla hajamwona mgonjwa.

Wadigo, wenyeji wa Kwale, walikwenda mbali zaidi, wakampa pepo sauti. Mwaka 1975 mtafiti Roger Gomm aliandika katika jarida la Man kuhusu wanawake wa pwani hii ya kusini ya Kenya wanaopandwa na pepo. Mke akiugua, huitwa mganga; pepo hutajwa, hupigiwa ngoma, huulizwa anataka nini. Anataka nguo, anataka zawadi. Mume aliyekuwa akikataa mwaka mzima sasa anatoa. Gomm aliona hapo njia ya mnyonge kudai haki yake, na mimi nakubaliana naye, ingawa nadhani baadhi ya wanawake hao walikuwa wagonjwa kweli. Pepo alisema yale ambayo kiti chake, yaani mwanamke aliyepandwa, kisingethubutu kuyasema mezani.

Hospitali nayo ilikuwa na hadithi zake. Mathari ya Nairobi ilianza kupokea wagonjwa wa akili mwaka 1910. Mmoja wa madaktari wake, J. C. Carothers, aliandika kitabu kilichotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1953, akaifananisha akili ya Mwafrika na ya Mzungu aliyekatwa ubongo wa mbele. Bara zima likapewa ugonjwa mmoja, na daktari hakuwa anatania.

Waliotania ni Wakanada. Desemba 2000, Daktari Sarah Shea na wenzake wa Halifax waliwachunguza wanyama wa hadithi za Winnie-the-Pooh, kitabu cha A. A. Milne cha mwaka 1926. Dubu Pooh wakamwona hatulii akilini, punda Eeyore ana huzuni isiyokwisha, kinguruwe Piglet ana wasiwasi. Makala ilitoka katika jarida la madaktari wa Kanada, na mzaha wake uliwalenga madaktari wenyewe, wepesi wa kumbandika kila mtu jina. Tangu hapo wapo walioichukua kama uchunguzi wa kweli, wakaanza kuwapima watoto wao kwa kipimo cha dubu na punda.

Sipendi mchezo huo ukifika kwa mtoto halisi. Mwanafunzi wa Diani anayeitwa Eeyore darasani atalibeba jina hilo mpaka utu uzima, kama wengine walivyobeba "mwenye mashetani". Lakini kunyamaza kabisa nako kuna gharama yake, na ndiyo maana namrudia Majnuni. Majirani wote walimwona paka. Walimwendea sultani mara kwa mara, wakarudishwa. Katika ngano ile, mnyama haitwi nunda, mla watu, mpaka amekwisha kuwaua watoto watatu wa sultani.