Baada ya kuifunga Angola

Ndugu msomaji, juma hili nakuomba tuziache kidogo habari za Simba na Yanga, tuutazame mpira wa kikapu. Najua hapa Manyoni mchezo huo hauna wenyewe. Pete zilizopo katika baadhi ya viwanja vya shule zimebaki chuma kitupu, na kijana anayerusha mpira pale mara nyingi anasubiri tu zamu yake ya kandanda. Hata hivyo, kisa cha majirani zetu wawili kinafaa kusimuliwa.

Mwaka 1993 Nairobi iliandaa mashindano ya Afrika ya mpira wa kikapu kwa wanaume, na Kenya ikashika nafasi ya nne. Wengi tulidhani mlango umefunguka. Kumbe ulikuwa unafungwa, na ulikaa hivyo kwa miaka 28.

Kurejea kwa Kenya kulikuwa kwa kishindo. Februari 2021, mjini Yaounde, iliifunga Angola, iliyokuwa bingwa wa Afrika mara 11, kwa pointi 74 kwa 73. Tylor Ongwae ndiye aliyetia kikapu cha ushindi, muda ukiwa unayoyoma. Kocha alikuwa Liz Mills kutoka Australia, na mwaka huohuo kule Kigali akawa mwanamke wa kwanza kuwa kocha mkuu wa timu ya wanaume katika mashindano hayo. Kenya ilivuka makundi, kisha ikatolewa na Sudan Kusini kwa pointi chache mno.

Siku ile timu hizo mbili zilikuwa karibu sawa. Miaka mitatu baadaye Sudan Kusini ilikuwa Paris kwenye Olimpiki, ikiifunga Puerto Rico 90 kwa 79. Kenya ilikuwa inatafuta njia ya kurudi kwenye mashindano ya Afrika tu, na yale ya 2025 kule Angola, ambako Uganda na Rwanda walikuwapo, iliyakosa.

Kulitokea nini? Mwaka 2019 Luol Deng alishika uongozi wa shirikisho la Sudan Kusini. Huyu alizaliwa Wau, akakimbilia Misri na jamaa zake angali mtoto, akafundishwa mchezo huko na Manute Bol, na baadaye akang'ara na Chicago Bulls. Alitoa fedha mfukoni mwake, kisha akaanza kazi isiyopigiwa makofi: kuwatafuta vijana wa nchi hiyo waliotawanyika Marekani, Australia na kwingineko, kuwabembeleza waje, na baada ya miezi michache kuwaita tena. Ieleweke kwamba michezo ya kufuzu Kombe la Dunia huchezwa kwa mafungu, siku chache huku, siku chache kule, kwa zaidi ya mwaka mzima. Timu ya zimamoto haifiki mbali. Hadi Februari 2023 Sudan Kusini ilikuwa imeshinda michezo 11 kati ya 12, na kocha wake wa Kigali, Royal Ivey, ndiye aliyekwenda nayo Paris.

Kenya haikuendelea na Mills. Mwaka 2022 alikuwa Moroko, akiifundisha AS Salé. Katika michezo hiyohiyo ya kufuzu, Kenya ilitolewa raundi ya kwanza. Sisemi kwamba mama yule peke yake angeliiokoa. Nasema kazi iliyoanza kuzaa ilikatishwa.

Wapo watakaosema Sudan Kusini ina watu warefu, tena waliolelewa ughaibuni. Ni kweli. Lakini warefu hao walikuwapo hata kabla ya Deng. Sisi Tanzania tulikuwa na wetu, Hasheem Thabeet, ambaye mwaka 2009 alichaguliwa wa pili katika ligi ya NBA, ilhali Stephen Curry alikuwa wa saba. Nani alijenga timu ya taifa kumzunguka? Tulipiga picha naye, basi.

Julai 2024, mjini London, katika mchezo wa kirafiki, Marekani yenye LeBron James iliponea chupuchupu mbele ya Sudan Kusini, 101 kwa 100. Wakati huo Deng alikuwa bado analalamika kwamba nchi yake haina uwanja wa ndani wa mpira wa kikapu, hata mmoja.