Susu Alizaliwa Mwaka Gani?

Somo: Yoeli 1:1–4



Katika mazishi mengi ya Kitui na Makueni, wasifu wa marehemu husomwa na mjukuu mwenye elimu. Ikiwa marehemu ni mama mzee, susu yetu, mara nyingi twasikia hivi: "Tarehe ya kuzaliwa haijulikani." Kisha hutajwa watoto, hesabu ya wajukuu na vitukuu, ugonjwa na hospitali. Miaka tisini huisha kwa dakika tano.

Lakini je, ni kweli kwamba haijulikani? Susu hakuwa na cheti cha kuzaliwa, ila kalenda alikuwa nayo. Wazee wa Ukambani walihesabu miaka kwa majina ya njaa. Iko Ngomanisye, njaa iliyoenea kila mahali, ya miaka ya 1898 na 1899. Mvua ilikosekana, sotoka ikaua ng'ombe, ndui ikaua watu, na siku zizo hizo reli ilikuwa ikikatiza nchi yetu kwenda Nairobi. Iko njaa ya Ndeke, yaani ndege, ya mwaka 1961. Baada ya ukame yalikuja mafuriko, barabara zikakatika, na chakula kikadondoshwa kutoka angani. Iko pia Nikw'a Ngwete ya miaka ya 1980, maana yake "nakufa huku nimeshika". Mtu alikuwa na fedha mkononi, lakini dukani hapakuwa na unga.

Hata majina yetu ni kalenda. Mwite Wambua au Mumbua, nawe umetaja mvua iliyonyesha alipozaliwa mtu wa kwanza kuitwa hivyo katika ukoo.

Twamkumbuka susu mmoja wa soko dogo upande wa Makueni, tuliyemzika mwaka 2019. Kitambulisho chake kilikuwa na mwaka uliokisiwa na karani. Lakini yeye mwenyewe alisimulia kwamba mama yake alimbeba mgongoni, mtoto mchanga, akipiga debe shambani ili kufukuza nzige. Nzige hao waliivamia Kenya kati ya 1928 na 1931. Basi mwaka wake haukupotea. Ulikuwa ndani ya hadithi yake.

Susu huyo alichimba matuta pamoja na kina mama wenzake wa mwethya, leo shamba la huyu, kesho la yule, ili mvua ikinyesha isichukue udongo. Alisuka vyondo vya mkonge usiku, akaviuza sokoni, akalipa karo. Biblia nzima ya Kikamba ilipotoka mwaka 1956, alijifunza kusoma kanisani ili aisome mwenyewe. Wakati wa Ndeke alipika sufuria moja, akagawia nyumba tatu. Watoto wa nyumba zile mbili, ambao sasa ni wazee, ndio walioshika majembe siku ya mazishi yake. Mambo haya hayakuwa katika wasifu uliosomwa.

Mwezi wa Januari 2020, miezi michache baada ya kumzika, nzige walifika tena Kitui. Vijana walitoa simu wakapiga picha. Kina susu walitoa madebe.

Yoeli naye alihubiri wakati wa nzige. Kwanza anawageukia wazee na kuwauliza kama jambo la namna hiyo liliwahi kutokea. Kisha anaagiza wasimulie watoto wao, nao watoto wawasimulie wao, hata kizazi kingine. Ndugu zangu, hilo ni agizo, wala si mazungumzo ya kupitisha jioni. Tena Biblia yenyewe yahesabu kama susu. Kitabu cha Ruthu chaanza na njaa. Amosi ataja tetemeko la nchi ili tujue alihubiri lini. Na Paulo alipotafuta chanzo cha imani ya Timotheo, alimtaja Loisi, nyanya yake.

Kwa hiyo, wapendwa, wiki hii nenda kwa susu angali hai. Usiende na sukari tu. Nenda na kalamu. Mwulize: Ulizaliwa wakati wa njaa gani? Nani aliwapa chakula? Mungu aliwavusha kwa njia gani? Yaandike majibu katika ukurasa mtupu wa mbele wa Biblia ya nyumbani, hata wajukuu wa wajukuu wayasome. Njaa nyingine ikija, watajua kwamba ziko zilizoshindwa kabla yao, na kwamba sufuria moja yaweza kulisha nyumba tatu.

Tuombe. Ee Mungu wa baba zetu na mama zetu, twakushukuru kwa wazee uliowavusha katika miaka ya njaa. Utupe masikio ya kuwasikiliza wangali nasi, na mikono ya kugawa kama walivyogawa. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.