Kutoka msuruaki hadi ndala: kinachokishika kiatu mguuni

Ukitaka kujua kiatu cha wazi cha Pwani ni cha zama gani, usianze na rangi wala mapambo. Tazama kinachokishika mguuni.

Mtalawanda hauna ukanda hata mmoja. Ni ubao uliochongwa kwa umbo la unyayo na kuinuliwa juu ya visigino vya mbao. Mbele husimama msuruaki, kigingi chenye kichwa ambacho mvaaji hukibana kati ya kidole gumba na cha pili. Kilikuwa kiatu cha nyumbani, hasa cha wanawake, na kimo chake kiliuepusha mguu na maji ya sakafuni. Salme, binti wa Sultani wa Zanzibar, anavitaja viatu vya mbao vya namna hiyo katika kumbukumbu zake zilizochapishwa 1886. Wenye nacho walivipamba kwa fedha. Lakini kukimbia navyo ni kazi: vidole vikilegea, kiatu kimebaki nyuma.

Makubadhi yalimpa mtu wa kanzu kiatu cha kutokea. Soli ni ya ngozi ya ng'ombe, na juu ya mguu hupita ukanda mpana, mara nyingi wenye nakshi. Ukanda huo huunganishwa na soli kwa gidamu, kijikanda kinachopita katikati ya vidole pale pale ulipokuwa msuruaki. Gidamu ikikatika, fundi hutia nyingine, na kubadhi hurudi barabarani.

Kisha ukaja mpira. Mmarekani Charles Goodyear alipata hataza ya kuuimarisha kwa joto na salfa mwaka 1844, na mwaka 1888 John Boyd Dunlop akapata hataza ya tairi la upepo. Magari yalipoenea Afrika Mashariki, tairi kuukuu likawa katambuga, ambalo nchini Kenya huitwa akala. Fundi hukata soli kwa kisu kikali, kisha hugongomea mikanda ya mpira kwa misumari midogo. Ligeuze uone: mistari ya tairi ingalipo, na mara nyingi soli imejikunja kidogo kufuata duara la gurudumu. Wafugaji wa Kimaasai wamelipenda kwa sababu mwiba hauipenyi soli yake kwa urahisi.

Ndala, au malapa, au kandambili, zilienea katikati ya karne ya 20, zikifuata umbo la zori za Kijapani. Mkanda wake una umbo la herufi Y na vifundo vitatu vilivyopenyezwa katika matundu matatu. Kifundo cha mbele kikichomoka, wengi hupitisha pini au msumari chini ya soli na safari ikaendelea. Pini ikishindwa, ndala hutupwa, maana jozi mpya haina bei ya kumtafutia fundi.

Mpira wa ndala hauozi upesi, na bahari huurudisha ufukweni. Ndiyo maana mafundi wa Lamu waliunda Flipflopi, jahazi la plastiki taka lililofunikwa kwa ndala zipatazo 30,000. Lilizinduliwa 2018, na mwanzoni mwa 2019 likasafiri hadi Zanzibar, mwendo wa kilomita zipatazo 500. Fundi wa katambuga alichukua taka akafanya kiatu. Ndala ikageuza kiatu kuwa taka. Kazi ya kuirudisha taka hiyo kwa fundi ndiyo kwanza imeanza.