Zuhura, mungu wa kike wa mapenzi: kutoka Uruk hadi Malaba

Zuhura ni jina la Kiswahili la sayari ya pili kutoka kwenye jua. Ukiacha jua lenyewe na mwezi, hakuna kinachong'aa kuizidi angani. Jina limetoka kwa Waarabu, na nyuma yake amejificha mungu wa kike wa mapenzi na uzuri aliyeabudiwa kwa majina mbalimbali, kuanzia Mesopotamia hadi Roma, kwa zaidi ya miaka 3,000. Watu wa Malaba na Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, wanaiona nyota hiyohiyo, lakini masimulizi yao ya kale hayakuyapa mapenzi na uzuri mwenyewe mmoja.

Wa kwanza kujulikana kwa maandishi ni Inanna wa Wasumeri. Hekalu lake, Eanna, lilikuwa Uruk, kusini mwa Iraq ya leo. Waakadi walimwita Ishtar. Aliyezoea michoro ya Ulaya, ya binti mpole anayeelea juu ya kombe la bahari, hatamtambua. Inanna alikuwa wa kitandani na wa vitani pia. Walimchora amesimama juu ya simba, na alama yake ilikuwa nyota ya ncha nane. Enheduanna, binti wa mfalme Sargon wa Akkad na kuhani mkuu mjini Ur mnamo miaka ya 2300 KK, ndiye anayetajwa kuwa alimtungia tenzi za sifa, na kwa hizo anahesabiwa kuwa mtunzi wa kwanza duniani anayejulikana kwa jina.

Kisa mashuhuri cha Inanna ni safari ya kuzimu. Malango yalikuwa saba, na katika kila lango alivuliwa kitu, kuanzia taji hadi mapambo na nguo, akafika mbele ya dada yake Ereshkigal akiwa uchi. Masimulizi ya Kiakadi yanaongeza kwamba alipokuwa huko uzazi ulikoma duniani, kwa watu na kwa mifugo.

Wapo wataalamu wanaokisoma kisa hiki kama mwendo wa sayari yenyewe, nami naona wana hoja. Zuhura haiachani na jua kwa zaidi ya nyuzi 47 hivi, kwa hiyo usiku wa manane haionekani huku kwetu. Hukaa miezi kadhaa ikiwaka magharibi baada ya jua kuchwa, kisha hushuka upesi na kupotea siku chache tu, ikaibuka upande wa mashariki kabla ya mapambazuko. Miezi ikipita hupotea tena, safari hii kwa takriban wiki saba. Mzunguko mzima huchukua siku 584, na mizunguko mitano hukaribia sana miaka minane. Makarani wa Babeli waliandika kuonekana na kupotea kwake kwa miaka 21 wakati wa mfalme Ammisaduqa, katika karne ya 17 KK. Dereva wa trela aliyelala kwenye foleni ya Malaba, akishuka saa kumi na moja alfajiri kunawa uso, huiona ileile waliyoiandika.

Wafinisia walikuwa na Astarte, na ni kwa njia ya bahari kwamba ibada ya namna hii ilifika Kupro, ambako mji wa Paphos ukawa makao makuu ya Aphrodite wa Wagiriki. Herodotus, mwanahistoria wa Kigiriki, hakuona aibu kusema kwamba hekalu la zamani kuliko yote la mungu huyu lilikuwa Ascalon, huko Shamu, na kwamba la Kupro lilitokana nalo. Washairi wa Kigiriki hawakukubaliana hata juu ya kuzaliwa kwake: kwa Hesiod alitoka katika povu la bahari, kwa Homer alikuwa binti wa Zeus na Dione. Ugiriki ilimpunguzia vita na kumwongezea uzuri, ingawa vita havikumwacha, maana hukumu ya Paris, mwana wa mfalme wa Troya, iliyompa yeye tunda la uzuri ndiyo iliyozaa maangamizi ya Troya. Roma ilimwita Venus. Mwaka 46 KK Julius Caesar alimfungulia hekalu kama bibi mzaa ukoo wake. Mwanasiasa kujipachika kwenye nasaba ya mbinguni si jambo geni popote.

Misri ilikuwa na Hathor, mwenye sura au masikio ya ng'ombe, bibi wa ngoma, ulevi na mapenzi, ambaye hekalu lake kubwa liko Dendera. Anastahili mistari hii kwa sababu moja ya kwetu: Wamisri walimwita pia bibi wa Punt, nchi ya uvumba iliyokuwa kusini, kuelekea kwetu, kwenye Bahari ya Shamu, ambako malkia Hatshepsut alituma merikebu katika karne ya 15 KK.

Uarabuni kabla ya Uislamu palikuwa na al-Uzza, ambaye mahali pake patakatifu palikuwa Nakhla karibu na Makka. Kurani inamtaja katika Surat an-Najm pamoja na al-Lat na Manat, ili kuwakanusha. Wako walioihusisha ibada yake na nyota hii. Baadaye wafasiri walisimulia kwamba malaika Harut na Marut waliteremka Babeli wakavutwa na mwanamke aitwaye Zuhara, naye akapaa na kugeuzwa nyota. Ibn Kathir na wanazuoni wengine waliikataa hadithi hiyo kuwa si ya kutegemewa. Lakini tazama iliko: Babeli, mji alikoabudiwa Ishtar. Mungu huyo wa kike amekwisha kuvuliwa uungu, na bado anakumbukwa kwa uzuri na kwa nyota yake. Pwani yetu ilimpokea hivyo, akiwa jina la mtoto wa kike na sayari ya siku ya Ijumaa katika vitabu vya falaki. Kiswahili ndicho kilichompandisha bara.

Huko bara, Malaba iko katika nchi ya Wateso wa Kenya. Kusini yake, ndani ya kaunti hiyohiyo ya Busia, wako Wakhayo, Wamarachi na Wasamia. Wabukusu, Waluhya kama hao watatu, ni majirani upande wa Bungoma. Eneo hili lote lilikuwa chini ya Uganda hadi 1902, na mpaka uliokuja ukawagawa Wateso na Wasamia pande mbili. Anayetafuta Aphrodite kati yao, ili ajaze jedwali la miungu wa dunia, atarudi mikono mitupu. Hilo halimaanishi kwamba mapenzi hayakufikiriwa.

Kiteso kina kiambishi cha kike, a-, kama katika aberu, mwanamke, na cha kiume, e-. Mungu wa juu anaitwa Akuj. Jina lingine, Edeke, ambalo kwa asili linagusa maradhi na balaa, lina e-. Wamasai nao humwita Mungu Enkai, kwa kiambishi cha kike. Sarufi haimfanyi Akuj kuwa mwanamke, wala hana kisa cha kupenda au kupendwa. Upande wa wanawake ulisikika zaidi kwa ipara, roho zinazopagawisha: Ivan Karp, mwanaanthropolojia aliyeishi na Wateso wa Kenya, aliandika kwamba wengi wa waliopagawa walikuwa wanawake. Kwa Waluhya, tasa hakuwa na hekalu la kwenda. Alikwenda kwa mwaguzi kujua ni nani katika wahenga amekasirika.

Wabukusu, kama alivyowaandika Günter Wagner katika miaka ya 1930, wanasimulia kwamba Wele Khakaba, Mgawaji, aliumba kwanza mbingu, kisha jua na mwezi, ndugu waliopigana hadi wakatenganishwa. Ndipo akamuumba Mwambu, ili jua liwe na mtu wa kumwangazia. Mwambu alikuwa na macho na ulimi, akakosa wa kusema naye, na kwa sababu hiyo akaumbwa Sela. Hakuna neno juu ya sura ya Sela. Alihitajika kwa mazungumzo.

Na Wajaluo, huko kusini kwenye Ziwa Viktoria, wanaye mwanamke wao aliyetoka majini. Nyamgondho wuod Ombare, mvuvi fukara wa Gwassi, aliuvuta mtego wake akakuta ndani yake kikongwe mwenye sura ya kuchukiza. Akamchukua, na nyumba ikajaa ng'ombe. Alipolewa akamtukana asili yake, kikongwe akashika njia ya ziwani, na ng'ombe wote wakamfuata hadi wakazama. Nyamgondho aliyebaki ufuoni akageuka mti.