Uganga, Uchawi na Nguvu ya Maneno katika Pwani ya Afrika Mashariki

Tangu kale, watu wa pwani ya Afrika Mashariki wamezitenga nguvu za siri katika mafungu mawili: uganga na uchawi. Uganga ni kazi ya mchana. Mwenye kuifanya anajulikana kwa jina na kwa mtaa. Ana mkoba wake, tunguri zake na kilinge chake. Hupokea ada, huwapa wagonjwa miiko, na dawa isipofaa hurudiwa na kuulizwa. Uchawi hauna mwenyewe. Hakuna anayeukiri, hutajwa kwa kunong'ona, hudhaniwa kufanyika usiku, na hujulikana kwa matokeo yake tu: mtoto anayekonda bila sababu, shamba linalokauka peke yake, biashara inayofilisika ghafla.

Mzizi wa mti ule ule huweza kuwa dawa kwa huyu na sumu kwa yule. Kilichotenganisha mafungu haya mawili ni nia ya mtendaji, na uwazi wa kazi yake mbele ya jamii. Mpaka huo umepita katika imani, ngano, vita, sheria na riwaya za pwani na bara yake, na kila ulipofutwa wanyonge ndio walioumia.

Habari za kale

Miongoni mwa taarifa za mwanzo zilizoandikwa kuhusu waganga wa pwani ni ile ya mwanajiografia al-Idrisi, aliyekamilisha kitabu chake mwaka 1154 huko Sicily kwa ajili ya Mfalme Roger wa Pili. Al-Idrisi hakufika Afrika Mashariki. Aliandika aliyoyapata kwa wasafiri. Anaeleza kwamba Malindi palikuwa na watu waliodai kuwaroga nyoka wenye sumu kali, wasimdhuru mtu yeyote isipokuwa yule aliyekusudiwa, na kwamba kwa ufundi huo hata simba hawakuwagusa. Katika taarifa hiyo fupi pande zote mbili zimo tayari: kinga kwa wengi na kisasi kwa mmoja.

Wakati huo Uislamu ulikuwa umekwisha kukaa pwani kwa karne kadhaa. Msikiti wa Kizimkazi, kusini mwa Unguja, una maandishi ya mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107. Dini mpya haikuufuta uganga wa miti na mizimu. Iliuongezea chombo kingine, nacho ni herufi.

Dawa ya maandishi

Mwalimu wa chuoni aliyejua kusoma na kuandika alikuwa pia tabibu wa mtaa. Dawa yake iliyojulikana zaidi ni kombe. Mwalimu hutia udhu, huchukua sahani nyeupe, na kwa wino wa zafarani huandika aya za Kurani kuzunguka sahani mpaka katikati. Maandishi yakikauka, huoshwa kwa maji au kwa marashi, na mgonjwa hunywa maji yale. Maneno yanayosomwa kwa ulimi huingia mwilini yakiwa kinywaji.

Hirizi hufanya kazi kwa njia nyingine. Karatasi huandikwa, hukunjwa mara nyingi, kisha hushonewa ndani ya ngozi au kitambaa. Mtu mzima huivaa mkononi au shingoni, na mtoto mchanga hufungwa kiunoni. Ndani yake mara nyingi mna jedwali la nyumba tisa lenye tarakimu kuanzia 1 hadi 9. Mstari wa juu huwa na 4, 9 na 2. Wa kati 3, 5 na 7. Wa chini 8, 1 na 6. Kila mstari, kila safu na kila mshazari hutoa jumla ya 15. Jedwali hilo limeenea katika ulimwengu wa Kiislamu na kuhusishwa na jina la al-Ghazali, na ulinganifu wake ndio uliowafanya watu waamini kuwa lina nguvu ya kuzuia shari.

Elimu ya falaki ilitegemea hesabu kama hizo. Katika mpango wa abjadi kila herufi ya Kiarabu ina thamani: alifu ni 1, be ni 2, jimu ni 3, na kuendelea hadi 1,000. Anayetaka kujua nyota ya mtu huhesabu jina lake pamoja na jina la mama yake. Ali hutoa 70, 30 na 10, jumla 110. Mama akiwa Amina, herufi zake hutoa 1, 40, 50 na 5, jumla 96. Majina mawili hufika 206. Idadi hiyo hupunguzwa kwa 12 mpaka ibaki namba ndogo, na hapa hubaki 2: nyota ya pili, yaani Ng'ombe. Kutokana na nyota hiyo mwalimu hutaja siku njema ya safari, ndoa au kuhamia nyumba mpya. Kitabu kinachohusishwa na Abu Maashar, mnajimu wa karne ya 9, kilitumika sana kwa kazi hiyo.

Wanazuoni hawakukubaliana juu ya mambo haya. Kusoma aya kwa ajili ya mgonjwa kulikubaliwa na wengi, lakini kudai kujua yaliyofichika na kuita majini kwa majina kulilaumiwa kuwa ni shirki. Mzozo huo haujaisha, na unaonyesha kuwa jamii yenyewe ilikuwa ikiujadili mpaka wake muda wote, bila kungoja mtu wa nje aje kuuchora.

Pepo, fingo na viapo

Kando ya maandishi palikuwa na uganga wa ngoma. Mgonjwa aliyepandwa na pepo hakutibiwa kwa kufukuza tu. Fundi alimwita pepo ajitaje, aeleze anachotaka, kisha wapatane. Kila pepo ana ngoma yake, nguo yake, ubani wake na chakula chake. Katika Zanzibar pepo aitwaye kibuki anahusishwa na Bukini, yaani Madagaska, na hivyo orodha ya pepo imehifadhi kumbukumbu ya bandari zilizofanya biashara na visiwa hivyo.

Mji nao ulikuwa na kinga yake. Fingo ni dawa iliyozikwa ardhini kulinda nyumba, shamba au makazi yote. Kwa Wamijikenda, fingo lililozikwa ndani ya kaya, yaani kijiji chao, lilikuwa moyo wake, na msitu uliolizunguka haukukatwa ovyo. Miiko hiyo ndiyo iliyoiokoa miti ya kaya hadi leo, na mwaka 2008 misitu hiyo ya Kenya iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO.

Viapo vilikuwa mahakama. Mshukiwa wa wizi au uchawi aliweza kutakiwa agusane na shoka lililotiwa motoni, na malengelenge yakahesabiwa kuwa ushahidi. Kwa Waislamu wa pwani palikuwa na kisomo cha halbadiri, ambamo husomwa majina ya waliopigana Badri mwaka 624 ili aliyedhulumu aadhibiwe. Mara nyingi tangazo kwamba kesho kitasomwa lilitosha kuirudisha mali iliyoibwa usiku ule ule. Nguvu ya neno ilianza kufanya kazi kabla neno halijatamkwa.

Desturi nyingi kati ya hizi ziliandikwa kwa Kiswahili na Mtoro bin Mwinyi Bakari, aliyetoka pande za Bagamoyo na baadaye akafundisha Kiswahili Berlin. Kitabu chake, Desturi za Wasuaheli, kilichapishwa mwaka 1903 na Carl Velten. Mtoro anaeleza waganga, ramli na pepo kama mtu anayeeleza kazi za kwao, na ndiyo maana kitabu chake bado ni hazina.

Uchawi katika ngano na tendi

Ngano za Kiswahili, kama zile zilizokusanywa Zanzibar na Edward Steere na kuchapishwa London mwaka 1870, zimejaa majini, nyoka wenye vichwa vingi na wanyama wanaosema. Katika hadithi hizo miujiza hupima tabia. Anayesaidiwa na mnyama kisha akasahau fadhila hupoteza jumba na mali kwa usiku mmoja.

Shujaa Fumo Liyongo ni mfano wa namna nyingine. Mapokeo, yaliyotungwa katika utendi na Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka 1913, yanasema hakuna silaha iliyomdhuru isipokuwa sindano ya shaba kitovuni. Siri hiyo ilijulikana na watu wachache, na mwanawe mwenyewe ndiye aliyeitumia baada ya kuahidiwa ukubwa. Kinga ya mwili ilivunjwa na usaliti wa damu.

Maji ya vita

Mwaka 1904 huko Ngarambe, karibu na mto Rufiji, Kinjikitile Ngwale alijulikana kuwa amepandwa na Hongo, pepo wa maji. Watu walimwendea kwa makundi kupokea dawa ya maji yaliyochanganywa na nafaka, iliyoaminika kugeuza risasi za watawala wa Kijerumani kuwa maji. Dawa ilikuwa na miiko, na wajumbe waliichukua kutoka kabila hadi kabila. Uganga uliokuwa wa nyumba na kijiji uliwaunganisha watu ambao hawakuwahi kupigana upande mmoja.

Sababu ya vita vilivyofuata haikuwa maji. Ilikuwa kodi, kazi ya lazima na mashamba ya pamba. Mwezi Julai 1905 watu wa Nandete, katika vilima vya Umatumbi, waling'oa pamba na vita vikaanza. Kinjikitile alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, lakini dawa iliendelea kusafiri. Tarehe 30 Agosti maelfu walilishambulia boma la Mahenge na kupukutishwa na bombomu. Vita vilipomalizika mwaka 1907, makadirio ya waliokufa, wengi wao kwa njaa baada ya Wajerumani kuchoma mazao, yalianzia 75,000 na kufika 300,000.

Kwa Wagiriama wa Kenya, Mekatilili wa Menza aliwaongoza watu wake mwaka 1913 kwa kuwalisha viapo katika Kaya Fungo, wasiitii serikali ya Uingereza wala kutoa vijana wa kazi. Serikali iliichukulia nguvu ya viapo hivyo kwa uzito mkubwa kiasi cha kuilipua kaya hiyo kwa baruti mwezi Agosti 1914.

Sheria zinazofuta mpaka

Baada ya mambo hayo watawala waliuogopa uganga kama siasa na kuudharau kama ujinga. Kenya ilipata Sheria ya Uchawi ya mwaka 1925, na Tanganyika ile ya 1928. Sheria ya Tanganyika iliweka pamoja uchawi, ulozi, kuroga, vyombo vya uchawi na kudai nguvu za siri. Kumtuhumu mtu kwa uchawi nako kukawa kosa, na hilo lilikuwa jema. Lakini wananchi wengi waliona mambo kwa namna nyingine: mganga aliyekuwa akimfichua mchawi sasa anafungwa, na mchawi, ambaye hakuna shahidi wa kumthibitisha, analindwa na sheria. Waganga walijificha, wakafanya kazi gizani, na ile alama ya kuwatofautisha na wachawi, yaani uwazi, ikapotea.

Waandishi wanauliza upya

Fasihi ya karne ya 20 ilirudi kwenye mpaka huo. Katika Adili na Nduguze, kitabu cha Shaaban Robert cha mwaka 1952, ndugu wawili wanageuzwa manyani na jini kwa sababu ya wivu na hiana yao. Uchawi humo ni adhabu ya haki, na huruma ya Adili kwa ndugu zake ndiyo inayopimwa. Muhammed Said Abdulla alikwenda njia nyingine. Mzimu wa Watu wa Kale, iliyochapishwa mwaka 1960, huanza na kifo kinachohofiwa kuwa kazi ya mizimu, kisha mpelelezi Bwana Msa huonyesha kwa akili na ushahidi kwamba aliyeua ni binadamu. Ebrahim Hussein, katika tamthilia ya Kinjeketile ya mwaka 1969, inayomhusu mganga yule wa Ngarambe, aliuliza swali gumu zaidi: kiongozi afanye nini anapotambua kuwa neno alilolitoa limekuwa na nguvu kuliko yeye, na kulikana ni kuvunja umoja wa watu wake?

Hukumu ya leo

Tanzania ilitunga Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala mwaka 2002, inayowasajili waganga na kuwatambua. Sheria ya 1928 nayo bado imo vitabuni. Kati ya hizo mbili limejipenyeza janga: ramli chonganishi, ambayo humtaja jirani au mzazi kuwa ndiye mchawi. Kwa ramli hizo vikongwe wa Usukuma wameuawa kwa kuwa na macho mekundu yatokanayo na moshi wa jikoni, huko Kenya wazee wa Kilifi nao wameuawa na ardhi zao kugawanywa, na watu wenye ualbino wamekatwa viungo kwa ajili ya dawa za utajiri. Mwezi Januari 2015 serikali ya Tanzania ilitangaza kuwapiga marufuku wapiga ramli hao.

Wahenga walisema mchawi mpe mwana kulea, na maana yake ni kumfunga mshukiwa kwa amana badala ya kumuua. Hekima hiyo, pamoja na kanuni ya kale kwamba mganga hufanya kazi mchana na huwajibika kwa anayoyafanya, ndiyo inayohitaji kurudishwa. Ramli inayomwelekeza mtu kwenye panga si uganga, kwa desturi ya pwani wala kwa sheria ya nchi. Ni uchawi wenyewe.