Mkono Uliolala Huamshwa kwa Kazi

Kila mmoja wetu amekwisha kuona jambo hili. Jioni mzee alikuwa mzima, akiongea na kucheka. Asubuhi anaamka, mdomo umekwenda upande, mkono hauinuki, mguu unaburuzika, ulimi ni mzito. Watu wanalia. Wengine wananong'ona kwamba jirani fulani amemroga. Siku zinapita, mgonjwa hafi. Anawekwa juu ya mkeka barazani. Binti zake wanamlisha, wanamnawisha, wanamvika nguo. Yeye ananyamaza tu, na kila siku ananyamaza zaidi.

Sisi wenyewe tulifanya hivyo nyumbani mwetu. Baba yetu mdogo alipopooza tulishindana kumtumikia. Alipojaribu kushika kijiko tulimnyang'anya, maana uji ulimwagika. Tulidhani huo ndio upendo. Alikufa bila kushika kijiko tena. Baadaye tulisoma habari za watu waliojua kuwainua wagonjwa wa namna hii, nasi tukaona haya. Kwa sababu hiyo tunawaandikia, wasomaji wapenzi, historia hii fupi.

Kwanza tujue ugonjwa wenyewe. Si uchawi. Mshipa wa damu katika ubongo unazibika au unapasuka. Sehemu ya ubongo inayokosa damu inakufa. Upande wa kuume wa ubongo unatawala mkono na mguu wa kushoto, na upande wa kushoto unatawala wa kuume. Basi mkono wenyewe haukuvunjika wala haukuoza. Aliyekuwa akiuamuru ndiye aliyeumia.

Zamani waganga wengi walifikiri kwamba kilichopotea kimepotea, na dawa ya mgonjwa ni kulala. Lakini mwanzoni mwa karne ya 20 huko Marekani, watu wachache walianza kusema neno jingine. Mmoja wao alikuwa George Edward Barton, fundi wa kuchora majumba. Alipata kifua kikuu, akakatwa sehemu ya mguu, kisha upande wake wa kushoto ukapooza. Kupooza kwake hakukutoka katika mshipa wa ubongo, lakini huzuni yake ilikuwa ile ile ya mtu aliyelala asiyejua kama atafaa tena kwa lolote. Kule Clifton Springs, katika jimbo la New York, alianza kulima bustani na kufanya kazi ya useremala. Nguvu zikamrudia, na moyo pia. Mwaka wa 1914 alifungua hapo nyumba aliyoiita Nyumba ya Faraja, ili wagonjwa wengine nao wapone kwa kazi. Mwezi wa Machi 1917 watu sita walikutana katika nyumba hiyo, wakaanzisha chama cha kueneza matibabu ya namna hii. Ndipo kazi ikaanza kuhesabiwa kuwa dawa pamoja na dawa nyingine.

Miaka ile ile, mtaalamu mmoja jina lake Shepherd Ivory Franz alikuwa akifanya kazi katika hospitali ya serikali mjini Washington. Huko walikuwako watu waliopooza upande mmoja kwa muda mrefu, ambao hakuna aliyewatazamia kitu. Franz na wenzake waliwazoeza, nao wakaanza kupata tena mwendo fulani. Mwaka wa 1915 waliandika habari hiyo. Mwaka wa 1917 yeye na mwenzake Ogden walionyesha jambo la ajabu kwa nyani waliopoozwa upande mmoja: mkono mzima ukifungwa, nyani akalazimika kutumia ule mbovu, mkono mbovu unarudi upesi. Lakini kwa miaka mingi watu wachache tu walilisikiliza fundisho hilo.

Sasa tuje kwa mzee mmoja. Pedro Bach y Rita alikuwa Mkatalani, mtunga mashairi na mwalimu wa chuo kikuu katika New York. Mwaka wa 1959 alipooza nusu ya mwili na kupoteza usemi. Matibabu ya hospitali yalikwisha bila kumsaidia sana. Mwanawe George, aliyekuwa akisomea uganga Mexico, alimchukua nyumbani kwake. Kijana huyu hakuwa amejifunza namna ya kuwatibu waliopooza. Alijisemea tu kwamba mtoto mchanga hutambaa kabla ya kutembea, basi na baba aanze hapo.

Mzee msomi akatambaa sakafuni, bega dhaifu likiegemea ukuta. Akatambaa na nje pia, na majirani wakakasirika, wakisema ni aibu kumtendea baba hivyo. George hakuacha. Alicheza na baba yake kwa gololi, ili mkono dhaifu uziokote. Alimpa sufuria za kuosha: mkono mzima ushike sufuria, mkono dhaifu uzunguke ndani yake, kwanza upande huu, kisha upande ule. Kutoka kutambaa akafika kupiga magoti, kutoka magoti akasimama, kisha akatembea. Usemi nao ukarudi polepole. Mwisho alirudi New York kufundisha. Alikufa miaka kadhaa baadaye kwa ugonjwa wa moyo, akiwa anapanda milima huko Kolombia. Waganga walipotazama ubongo wake waliona kwamba lile jeraha kubwa lilikuwa bado pale pale. Halikupona. Sehemu nyingine za ubongo zilikuwa zimejifunza kufanya kazi ya zile zilizokufa.

Kwa nini basi wagonjwa wengi hawajaribu? Mtaalamu mwingine wa Marekani, Edward Taub, alieleza hivi. Siku za kwanza mgonjwa anajaribu mkono wake, nao unamshinda. Anajaribu tena, anamwaga, anaanguka, anaona aibu. Mkono mzima unafanya yote. Hivyo anajifunza kuuacha ule mwingine, na hata nguvu kidogo zikirudi, yeye hajui, maana hajaribu tena. Mwaka wa 2006 yalitangazwa matokeo ya jaribio lililofanywa Marekani kwa wagonjwa 222 waliokuwa na mwendo kidogo katika mkono. Waliochaguliwa walivalishwa mfuko mnene kwenye mkono mzima karibu muda wote waliokuwa macho, kwa majuma mawili, huku wakizoeza mkono dhaifu. Walipata nafuu kuliko wenzao waliotunzwa kwa desturi, na nafuu hiyo ilidumu.

Tazameni, wapenzi: katika habari hizi zote aliyemwinua mgonjwa hakumkaripia. Hakumwambia kuwa ni mvivu. Alimpa kazi ya kweli, iliyo ndogo kiasi cha kuwezekana leo, na kubwa kidogo kesho. Kukunja kidole mara mia bila sababu kunachosha roho. Kuosha sufuria ambayo mama atapikia ni kitu kingine: mgonjwa anajua kwamba nyumba inamhitaji.

Basi tufanye nini? Mtu akipooza, apelekwe hospitalini siku ile ile, bila kuzunguka kwa wapiga ramli. Akirudi nyumbani, tumwulize mganga ni mazoezi gani yanamfaa. Tusimvute kwa mkono uliopooza, maana bega lake hutoka mahali pake upesi. Kisha tumwulize yeye mwenyewe alipenda kazi gani. Aliyekuwa mkulima achambue maharagwe ya mbegu. Aliyekuwa fundi wa nguo akunje vitambaa. Mama awarushie kuku mahindi. Uji ukimwagika, tufute, tumrudishie kijiko. Tumsifu kwa kile kidogo alichofanya. Anaponyamaza siku nyingi na kukataa chakula, tumwambie mganga, kwa sababu karibu mmoja katika watatu wa wagonjwa hawa hupatwa na huzuni nzito, nayo pia ni ugonjwa.

Si wote watakaopona kama mzee Pedro. Wengine mkono wao hautarudi kamwe. Lakini hata huyo ana mkono mmoja mzima, na akili, na jina lake nyumbani. Sisi tulimnyang'anya baba yetu mdogo kijiko. Ninyi mwachieni wa kwenu.